Sura ya Sita: Mke Mmoja, Fomu Mbili

Mwaka wa 1966 serikali ilikuwa na mambo chungu nzima ya kuisumbua, lakini haikukosa nafasi ya kugundua kwamba wanaume wawili walikuwa na mke mmoja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Uriri, jina lake Dishon. Wa pili alikuwa mpimaji wa pamba katika kiwanda kimoja cha Homa Bay, jina lake Jared. Kila mmoja alikuwa amejaza fomu yake ya kodi ya mapato, na kila mmoja ameandika kwamba mkewe ni Filister binti Nashon, mzaliwa wa Uriri, ili apunguziwe kodi kama mwanamume yeyote mwenye jiko lake. Karani wa kodi aliyezikuta fomu hizo alicheka kwanza, kisha akazipeleka polisi. Zikazunguka huko mpaka zikatua mezani kwa Inspekta Mayaka, na Mayaka hakucheka.

Angechekaje? Alijua kazi ya namna hii huishia wapi. Mmoja wa wale wawili alikuwa ameidanganya serikali, na huyo angefungwa na kufutwa kazi juu yake. Mkubwa wake kule Kisii alimwambia kwamba hataki hadithi, anataka jina moja, tena kabla ya Ijumaa kuisha. Mayaka mwenyewe alikuwa mtu wa Sabato, na jua la Ijumaa likishatua hakuna mkubwa aliyeweza kumwinua kitini. Kwa hiyo Jumatano asubuhi alipanda Landrova pamoja na Konstebo Nyarangi, wakaenda moja kwa moja mpaka Uriri bila hata kusimama kunywa chai.

Walimkuta Mwalimu Dishon nyumbani, mtu mwembamba, chaki bado kwenye mikono ya shati. Mayaka alitegemea ubishi. Hakuupata. Dishon alisema wazi kwamba Filister alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, Elijah, ambaye alikufa Osiri mwaka wa hamsini na saba, shimo la dhahabu lilipoporomoka kwa mvua na kuwafukia wachimbaji. Wenzake walitolewa. Elijah hakuonekana. Wazee walingoja, wakachoka, wakafanya linalofanywa na Wajaluo mtu wao anapopotea bila maiti: walikata tunda la yago, lile refu zito, wakalizika mahali pake kwa kilio na heshima zote. Baadaye, matanga yalipokwisha kabisa, ukoo ukamkabidhi Dishon mjane wa kaka yake.

Alimpeleka Mayaka nyuma ya nyumba akamwonyesha kaburi. Lilikuwa limepaliliwa vizuri. Mayaka akauliza juu ya watoto, kwa maana fomu ya mwalimu ilikuwa na watoto wanne.

"Ni wa Elijah," Dishon alisema.

"Elijah amekufa hamsini na saba. Huyu mdogo ana miaka mitatu."

"Ndiyo, Afande."

"Baba yake ni nani?"

"Roselyn, yule binti mkubwa, ndiye aliyeachwa na kaka yangu. Hao watatu nimezaa mimi. Lakini ni wa Elijah wote. Mimi ninawatunza tu katika nyumba yake."

Mayaka ni Mkisii, na kwao mambo ni hayo hayo, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Mtoto anayezaliwa katika nyumba ya marehemu humwita marehemu baba. Kasheshe ni kwamba fomu ya kodi haina nafasi ya marehemu. Dishon alikuwa amekwenda kuomba msaada kwa mwalimu mkuu, akauliza ajaze nini, akaambiwa asijitie wazimu, anayelisha ndiye baba, aandike ni wake. Akaandika. Usiku ule hakulala. Kulipopambazuka alikwenda kwenye kaburi la tunda akamwomba kaka yake msamaha kwa kumnyang'anya watoto kwa wino. Aliyasema haya akitazama viatu vyake, na Mayaka akaona ni mtu asiyejua hata kuiba chaki.

Filister aliwaletea uji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Alisikia kwamba kuna mtu Homa Bay anayemwita mke, akauliza swali moja tu, mtu huyo ana sura gani. Mayaka akajibu kwamba bado hajamwona. "Basi ni mwizi," alisema Filister, akachukua vibuyu vyake akarudi jikoni.

Na Mayaka alikubaliana naye. Ujanja huo aliujua. Kisumu aliwahi kumkamata jamaa aliyekuwa akiwauzia makapera majina ya wanawake wa vijijini, kila kapera akajipatia mke wa karatasi na kodi ikapungua. Mume hewa, mke hewa, mwenye faida ni muuzaji. Sasa swali lilikuwa ni nani anayefanya biashara hiyo Homa Bay, na jibu lilionekana jepesi. Chini ya fomu ya Jared palikuwa na sahihi ya aliyemsaidia kuijaza, mzee mmoja aitwaye Wangwe.

* * *

Alhamisi Mayaka alivaa kiraia, akaenda kukaa kwenye foleni ya Mzee Wangwe kama mtu mwenye shida zake.

Wangwe alikuwa karani mstaafu, Msamia mwenye miwani iliyofungwa uzi, na baraza yake ilikuwa mbele ya duka lililofungwa karibu na soko la samaki. Msimu wa fomu ulipofika, benchi lake lilijaa kuliko la zahanati. Hakudai malipo. Aliyekuwa na shukrani alileta sukari au samaki mkavu, asiye nayo alikwenda zake. Maswali yalikuwa yale yale, mwaka nenda mwaka rudi, na mzee aliyajibu bila kuinua kichwa. Mpishi wa misheni aliuliza kama mama yake mzazi anahesabiwa. "Hapana, mwanangu, huyo ni wa kupenda, si wa kupunguziwa kodi." Dereva wa lori akauliza juu ya mke wa pili. Wangwe akamwambia serikali inahesabu mmoja, achague, ila asichague mbele ya yule mwingine. Benchi zima likacheka. Kisha mwanamume mmoja wa makamo akauliza kwa sauti ya chini, mtoto aliyefariki mwezi wa nane aandikwe au asiandikwe. Wangwe akaweka kalamu chini, akampa pole, akamshika mkono kabla ya kumjibu kwamba kwa mwaka ule bado ni mtoto wake, aandikwe.

Mayaka alianza kuona aibu. Muuza majina hana muda wa kushika mikono ya watu. Hata hivyo kazi ni kazi. Zamu yake ilipofika alimwonyesha mzee kitambulisho cha polisi chini ya meza, wakaingia ndani ya uwanja wa nyuma, na huko akamwuliza waziwazi alimuuzia Jared mke kwa kiasi gani.

Mzee Wangwe hakukasirika. Alisikitika, jambo ambalo kwa Mayaka lilikuwa baya zaidi. Alisema miaka yote wafanyakazi wa kile kiwanda hujaziwa fomu na karani wao palepale, na Jared hujazwa kapera bila kuulizwa, kwa maana kila mtu anamjua ni kapera. Mwaka huu karani aliugua, watu wa kiwanda wakaletwa kwake.

"Nilimwuliza kama ninavyowauliza wote. Una mke? Akanyamaza mpaka wa nyuma wakaanza kunung'unika. Nikamwambia, ndugu yangu, hii ni serikali, ukidanganya utafungwa. Ndipo akasema, ninaye."

"Akamtaja Filister?"

"Na baba yake Filister, na mahali alipozaliwa. Nikamwuliza watoto. Akasema mmoja, msichana, Roselyn."

Mayaka akamtaka arudie. Mmoja? Mzee akasema mmoja, tena yeye mwenyewe alimwuliza zaidi ya mara moja, kwa sababu kila mtoto hupunguza kodi na watu wengine husahau waliozaliwa mwisho. Jared alishikilia mmoja.

Hapo uchunguzi wote uligeuka. Mayaka alirudi kwenye benchi akakaa katikati ya watu waliokuwa wakimngoja mzee. Mwizi anayenunua jina la mwanamke wa Uriri ananunua na habari zake. Uriri nzima inajua kwamba nyumba ya Filister ina watoto wanne. Mwizi angewadai wote wanne, na kama ana uroho angeongeza wa tano. Anayedai mmoja, na kuukataa hata msaada wa kuongezewa, ni mtu asiyejua kwamba kuna wengine. Ni mtu ambaye, alipoondoka, nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu. Mayaka alifika hapo kwa akili yake mwenyewe, na moyo ukamshuka, kwa kuwa aliwakumbuka Dishon na kaburi lake lililopaliliwa. Angekuwa mtu wa pombe angekunywa siku ile.

* * *

Jared aliletwa kituoni Homa Bay na vumbi la pamba kichwani. Alikuwa na ndevu nyingi na kimya kingi. Mayaka alimtoa Nyarangi nje, akafunga mlango, akaanza kama anayepiga soga.

"Roselyn ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja. Alitimiza mwezi wa sita."

"Na wadogo zake?"

"Wadogo zake gani, Afande?"

"Wako watatu. Wavulana wawili na msichana. Wa mwisho ameanza kutembea mpaka kwa jirani peke yake."

Mtu yule alitazama ukuta. Baadaye akauliza, taratibu sana, ni wa nani.

"Dishon anasema ni wako," Mayaka alimwambia. "Anasema wote wanne ni wa Elijah."

Hapo Jared alivuta shati lake akafunika uso, akalia. Mayaka amewahi kuwaona wauaji wakilia, na wezi, na wajanja wanaolia ili wapewe sigara. Kilio hiki kilimtoa hata yeye machozi, na hakujisumbua kuyaficha. Alipotulia, yule mtu akasema ndiyo, yeye ni Elijah, na akaeleza kila kitu bila kuulizwa.

Siku shimo lilipoporomoka hakuwamo. Asubuhi ile alikuwa amegombana na wenzake juu ya mgao, akatupa sururu, akavuka kwenda Tanganyika bila kumuaga hata mkewe. Alikuwa mtu wa kiburi enzi hizo. Alitaka arudi na mali ya kuwafunga watu midomo. Badala ya mali alipata homa huko Musoma, akalala kitandani kwa watu baki, akapona akiwa hana kitu, akaona haya kurudi mikono mitupu, akafanya kibarua. Mwaka wa pili ndipo aliposhika njia ya nyumbani, na kitambaa cha gauni la mtoto kwapani. Karibu na Migori alikutana na mama mmoja muuza samaki. Mama huyo hakumtambua kwa zile ndevu na kule kukonda. Elijah akamwuliza habari za Uriri kama mgeni, na yule mama akamhadithia habari ya marehemu Elijah, jinsi watu walivyonyoa vichwa, jinsi yago lilivyozikwa, na jinsi mjane alivyokabidhiwa kwa shemeji na sasa ni mjamzito.

"Ukageuza," Mayaka alisema.

"Ningefanya nini? Mtu akishaliliwa na kuzikwa haingii tena langoni. Kile kifo alichozikiwa kinakuwa hakijapata mtu, kinatafuta mwingine humo ndani. Kingemchukua nani? Roselyn? Huyo wa tumboni?"

Mayaka hakubishana naye. Msabato ni Msabato, lakini alizaliwa kijijini na mama yake aliyaamini mambo kama hayo mpaka kufa. Alimwuliza jambo lililobaki kumsumbua: kama alijificha miaka yote hiyo, akabadili jina, akakaa ndani ya kambi ya kiwanda siku za soko ili asikutane na mtu wa kwao, kwa nini mwaka huu akaenda kujichongea kwenye fomu ya kodi?

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," Elijah akasema. "Miaka yote hii, Afande, hakuna mtu aliyeniuliza kama nina mke. Yule mzee aliniuliza. Halafu akaniambia nisidanganye."

* * *

Kukiri kwa mshukiwa peke yake hakutoshi. Sheria ilitaka shahidi, na shahidi wa karibu kuliko wote alikuwa mmoja. Ijumaa asubuhi Nyarangi alikwenda Uriri na kumleta Filister. Dishon alibaki na watoto. Mayaka alipanga gwaride la utambulisho katika chumba cha nyuma cha kituo: wanaume watano wa umri mmoja, wenye ndevu, Elijah akiwa wa nne. Hakumwambia Filister lolote zaidi ya kwamba apite mbele yao, na kama mume wake yumo, amguse bega.

Filister alipita. Kwa wa kwanza hakusimama, wala kwa wa pili, wala wa tatu. Mbele ya wa nne alisimama. Alimtazama kuanzia nywele zenye mvi mpaka viatu, akarudi juu tena, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Elijah hakuinua macho. Mayaka aliona mkono wa mwanamke ukianza kunyanyuka, kisha ukashika ncha ya leso yake mwenyewe na kuikaza. Akampita. Akamtazama na wa tano, kwa haki.

"Mume wangu hayumo," alisema.

"Mama, tazama tena. Hakuna haraka."

"Nimetazama. Mume wangu alizikwa Uriri, mimi mwenyewe nilikaa chini nikanyolewa. Watoto wake wanne wananingoja."

"Na huyu wa nne? Humjui?"

"Simjui," Filister akasema. Halafu, kwa heshima anayopewa mgeni, akamgeukia yule mtu akamwambia, "Pole, baba, kwa kusumbuliwa."

Akaomba ruhusa akatoka. Mayaka aliwaruhusu wale wengine wanne, akabaki na Elijah, na kabla hajafungua mdomo wakasikia nje kilio. Hakikuwa kilio cha mtu aliyeumia. Kilikuwa kile cha msiba, cha mjane, chenye majina ya sifa ya marehemu ndani yake: Elijah, mwana wa nyumba ya mbele, Elijah mshika sururu, Elijah aliyenioa kanisani nikiwa na viatu vya kuazima. Wanawake wa soko la samaki waliacha vikapu vyao wakaja mbio, mikono kichwani, maana kwao kilio cha namna ile hakiachiwi mtu mmoja. Wakamwuliza Nyarangi ni nani amekufa humo ndani. Nyarangi akawaambia hakuna. Hawakumsadiki, wakaanza kulia naye.

Ndani, Mayaka alimwambia Elijah kwamba bado kuna njia. Mama yake yu hai. Anaweza kuletwa. Kuna alama za mwilini, kuna padri aliyewaozesha.

"Nikisema mimi ni Elijah," yule mtu akauliza, "fomu ya Dishon inakuwa ya uongo?"

"Ndiyo."

"Atafungwa."

"Atafungwa, na ualimu basi."

"Na Filister anakuwa na wanaume wawili wazima."

Elijah akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kupima gunia.

"Mimi ndiye niliyedanganya. Andika hivyo."

Mayaka amekuwa polisi tangu enzi za mkoloni, na ameandika maungamo mengi, mengine ya kweli na mengine ya viboko. Hili lilimshinda mkono. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Sheria inataka mshukiwa asomewe alichokisema, kwa hiyo akamsomea kwa sauti, na sauti haikuwa yake: kwamba mimi, Jared, mpimaji wa pamba, niliandika kwenye fomu yangu mambo yasiyo ya kweli. Kwamba sijawahi kuoa. Kwamba sina mtoto. Kwamba mwanamke aitwaye Filister simjui, wala hanijui.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

Mayaka akamsogezea karatasi na kalamu. Elijah akaichukua kalamu, kisha akaizuia hewani. Nje walikuwa wamefika kwenye sifa za mama yake.

"Ngoja amalize kwanza, Afande," akasema. "Si vizuri kuandika mtu akiwa bado analiliwa."

Wakangoja wote wawili, hawakutazamana. Filister alilia mpaka akamaliza, na wale wanawake wakamaliza pamoja naye. Ndipo mtu yule akainama mezani, akaandika Jared.